Bendera ya Binti wa Nesi

Mwaka jana nilipita Nachingwea kuhani msiba, nikaona nizunguke kidogo hadi kwenye kota tulizokulia. Nyumba zipo, rangi haipo, na mtaro wa mbele umejaa chupa za plastiki na nepi. Watu wanauruka tu na kuendelea na safari zao. Ndugu yangu, usinicheke: nilisimama pale nikamkumbuka msichana mmoja niliyemwonea wivu kupita kiasi.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni. Kota zetu zilikuwa kumi, chini ya balozi mmoja wa nyumba kumi, fundi cherehani mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila Jumamosi asubuhi aligonga kipande cha reli, na wote tukatoka: wanaume na makoleo mtaroni, kina mama kwenye shimo la taka, watoto na fagio za chelewa viwanjani. Vumbi, majani ya mikorosho yanayoungua, uji unaosubiri. Saa nne balozi na wajumbe wake wawili walipita kukagua. Nyumba safi kuliko zote ilipewa kibendera cheupe cha kusimika mlangoni wiki nzima. Nyumba chafu ilipewa kinyago, na kinyago chenyewe kilikuwa na meno.

Bendera ilikaa kwa nesi, jirani yetu wa ukutani, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Binti yake tulikuwa darasa moja. Alifagia kwa mistari, mstari huu ukigusana na ule, halafu akatoka kinyumenyume asiache unyayo. Jumamosi nne mfululizo! Na kila Jumamosi mama aliniambia mbele za watu, "Hebu nenda kamwangalie mwenzako anavyofagia." Nilikuwa tayari kufagia wilaya nzima, mpaka Ruangwa, ili siku moja tu mtoto mwingine aambiwe aje aniangalie mimi.

Jumamosi ya tano uzalendo ukanishinda. Bibi yangu, aliyekuja kutoka Nkowe kukaa nasi msimu wa korosho, alikuwa amechoma korosho jana yake kwenye debe lililotobolewa. Nikachota maganda yale meusi kwa ungo, nikayamwaga nyuma ya jiko la nesi dakika chache kabla ya ukaguzi. Nikarudi kufagia kwetu, moyo mweupe kabisa.

Balozi aliyaona. Binti akaapa kwamba si yao, machozi yanamtoka. "Taka hazina kabila," balozi akasema. "Zikikutwa kwako ni zako."

Sasa sikia ujinga wangu. Katika nyumba zote kumi, waliochoma korosho ni sisi peke yetu. Wageni wa kutoka mikoani waliogopa mafuta yake, yanababua mikono. Walikula tu za bibi. Nesi aliyatazama maganda, akatazama jiko letu, kisha akakipokea kinyago kwa mikono miwili na kusema, "Asante, balozi."

Bibi naye alikuwa amesimama uani anaangalia. Mama alikuwa bado shimoni, hakuona kitu. Bibi akanivuta sikio. "Chinyago chile cha kwetu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kimwera. "Nenda ukachichukue, ukachiweke mlangoni petu."

Nikaenda. Binti alikuwa anakifuta kile kinyago vumbi. Nikamwambia nimekuja kukichukua. Wala hakuniuliza kwa nini.

"Mama kasema kikae hapa," akasema. "Kasema ukienda nacho kwenu utapigwa."

Ungetegemea nione aibu. Niliona, lakini baadaye. Pale pale nilichokiona ni kwamba ana bendera zake nne, ana mistari yake, na juu ya yote ana mama wa namna ile. Nilirudi nyumbani na wivu mara mbili ya niliokwenda nao.

Haukupita muda nesi akapata uhamisho. Walipakia vitu kwenye lori la serikali, binti akanipungia mkono, nami nikampungia bila kusema neno nililopaswa kusema. Sijamwona tena. Balozi alishafariki, reli yake sijui nani aliiuza chuma chakavu, na siku hizi kila mtu na geti lake.

Lakini Jumamosi ile ya kwanza baada ya wao kuondoka, niliamka kabla ya reli kugongwa. Nikafagia kwa mistari, nikatoka kinyumenyume. Saa nne bendera ikasimikwa mlangoni petu, majirani wakapiga makofi, na mama akanishika bega mbele ya wote, uso unang'aa.

"Mwone mwanangu," akasema. "Leo kafagia kama binti wa nesi."