Riwaya ya Nyamai na Masikio ya Ploti

Nyamai anauza misumari, rangi na bawaba katika duka la vifaa vya ujenzi pale Kawangware 56, na husoma riwaya. Mambo haya mawili hayana uhusiano, ingawa wateja wengi wamejaribu kuutafuta. "Unasomea nini?" humwuliza, wakidhani kuna diploma mahali. Akiwaambia kwamba hasomei kitu, anasoma tu, humtazama kama mtu mzima aliyekutwa akiruka kamba.

Yeye hana wasiwasi. Alitoka Kitui kitambo, ana mke, mtoto, kazi, na msimamo thabiti kuhusu riwaya: iwe nene, iwe na ugomvi wa mirathi, na asiwepo mtu wa kujifunza jambo mwishoni. Huzinunua kwa mama mmoja anayezipanga juu ya gunia karibu na steji ya matatu. Husoma kimya, bila kuchezesha midomo, na hamsimulii mtu. Kwake, kumsimulia mtu riwaya ni kumtafunia chakula mwenye meno yake.

Kwa miaka mingi alisomea kaunta. Kisha mwenye duka akamleta mwanawe, Marvin, kijana mwenye shahada ya biashara, naye akabandika ukutani tangazo la kukataza soga, simu na "vitabu visivyohusu bidhaa". Nyamai alitafuta kwa moyo mweupe riwaya inayohusu bawaba. Hakupata. Akabaki na saa moja tu katika siku nzima, ile ya kati ya yeye kufika nyumbani na mkewe Kaveke kurudi kutoka hoteli anayopikia kule Satellite. Saa hiyo binti yao Lavender alicheza uani na wenzake, na Nyamai alikuwa mtu huru. Wakati huo alikuwa na riwaya ya mjane aliyenyang'anywa shamba la chai na shemeji zake, na alikuwa amefika pale mjane anaposhika kufuli la kabati la marehemu.

Hapo ndipo Lavender alipoanza shule na kuleta kitabu nyumbani.

Kilikuwa kitabu cha picha, cha kuku aliyepanda bodaboda kwenda kumtafuta shangazi yake. Nyamai alikipima kwa jicho la muuza duka. Mfuko wa simiti una maneno mengi zaidi. Alikisoma chote chai ikiwa haijachemka, akakifunga, akanyoosha mkono kumchukua mjane wake.

"Dadi, hujasoma."

"Nimesoma. Kuku amefika, shangazi amefurahi, mwisho."

"Na huyu paka?"

"Paka gani? Hakuna paka hapo."

Lavender akafungua ukurasa wa kwanza na kuweka kidole. Nyuma ya kibanda cha chapati, mkia. Ukurasa uliofuata, masikio mawili juu ya paa. Paka alikuwa amemfuata kuku safari nzima, na hapakuwa na neno hata moja lililomtaja. Nyamai, mtu anayewatambua wauaji wa riwaya mapema kuliko wapelelezi wanaolipwa kwa kazi hiyo, alikuwa amepitwa na paka mzima wa rangi ya machungwa. Iliuma jinsi inavyomuuma fundi mpita njia akimwonyesha ufa. Akakisoma upya kwa sauti, polepole, akitangaza kila mkia alipouona.

Nyumba za ploti anayopanga Nyamai zimetenganishwa kwa mabati, na mabati huzuia mvua tu. Kushoto kwa Nyamai anaishi Okeyo, seremala. Kulia anaishi Mama Joan, mwenye saluni ndogo na sauti kubwa ya kwaya. Hadithi ilipoisha, upande wa kushoto ukauliza:

"Baba Lavender, huyo paka mwishowe alimla?"

"Alimla nani?"

"Kuku, buda. Sisi huku hatuoni picha."

"Hajamla," Lavender akajibu kwa niaba ya baba yake. "Wamekaa wote kwa shangazi, wanakula ugali."

"Paka na kuku? Hiyo ni uongo," Okeyo akasema. "Lakini sawa."

Kuanzia hapo ikawa kila jioni ni kitabu cha picha, na mjane akabaki ameshika kufuli. Nyamai akabuni mbinu. Angeisoma riwaya yenyewe kwa sauti, mtoto achoshwe na mirathi na kwenda zake uani, naye arudi kimya kwenye saa yake. Mbinu ilifaulu kupita matarajio, maana Lavender alisinzia palepale kwenye mkeka kabla wakili wa kwanza hajamaliza sentensi. Nyamai akashusha sauti hadi mnong'ono, kisha akaizima kabisa na kuendelea kwa macho tu, kwa raha zake.

Mabati yakagongwa pande zote mbili.

"Endelea bana!" Okeyo akasema. "Ama ni stima imepotea huko?"

"Amefungua kabati?" Mama Joan akauliza. "Baba Lavender, usiniachie mwanamke amesimama!"

Hivyo ndivyo riwaya ya Nyamai ilivyogeuka mali ya ploti. Mama Joan alitaka mjane aolewe na wakili. Okeyo alipinga, akisema hajawahi kuona wakili akiingia shamba la mtu na kutoka bila kipande chake. Shemeji mdogo wa mjane, mlevi mmoja mwenye suruali isiyo na zipu, walimcheka kwa kauli moja. Siku za mazoezi ya kwaya kusoma kulisimama, kwa agizo la Mama Joan. Nyamai akagundua kwamba hajui tena yeye mwenyewe anamwonaje mjane, kwa sababu kila alipotaka kuwaza, kushoto kulikuwa kumeshawaza.

"Si ulisema hupati mtu wa kuongea vitabu na yeye?" Kaveke akamwambia, akivua viatu.

"Sijawahi kusema hivyo."

"Basi ni mimi nilikuwa nakuombea."

Jumapili moja alijitolea kumpeleka mtoto kusukwa. Alimpeleka hadi Kawangware 46, kwa msusi asiyemjua mtu yeyote wa ploti, jambo ambalo kwa jirani wa mwenye saluni tayari ni uhaini. Aliomba laini ndogo ndogo, zile za kuchukua muda. Akakaa kwenye benchi na riwaya. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mjane akalipata shamba, wakili akaonekana alivyo, na yule shemeji mlevi akafa akizima moto katika ghala la chai, suruali ileile. Nyamai alijifuta macho kwa taulo ya saluni na kuirudisha ilipokuwa.

Jumatatu jioni akaendelea kuwasomea pale walipoachia. Alisoma vizuri, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka, na hilo ndilo lililomponza. Kisha shemeji mlevi akaingia.

"Simama hapo hapo," Okeyo akasema. "Umeshamaliza hiyo kitabu."

"Nani amekwambia?"

"Huyo mlevi, wiki jana ulikuwa unamsoma ukicheka. Leo unamsoma kama tangazo la kifo redioni."

Mama Joan akadakia kutoka upande wa kulia:

"Woi! Kwani anakufa?"

Nyamai akakohoa, na hakuna jibu lililo wazi kuliko hilo.

"Ndiyo maana mtoto amesukwa na mtu simjui!" Mama Joan akalia. "Nimeshinda nikiangalia hizo laini, nikisema huu si mkono wa hapa. Kumbe ulienda kusoma!"

Asubuhi walimngoja bombani, kila mmoja na ndoo yake na hasira yake. Nyamai alikuja na Lavender mwenye mswaki mdomoni, na riwaya kwapani. Hakuomba msamaha. Aliweka ndoo kwenye foleni na kusema bila kupandisha sauti:

"Nilimaliza kwa sababu ni yangu. Yule shemeji akifa, nataka nimlilie bila Okeyo kuniambia alikuwa mjinga."

"Lakini si alikuwa mjinga," Okeyo akasema.

"Unaona?"

Mama Joan alitaka kucheka, akakumbuka zile laini, akajizuia. Nyamai akampa riwaya.

"Shika. Mwisho uko hapo ndani. Soma na macho yako, na usiniambie."

"Nisome peke yangu? Kama mtu amekosana na watu?"

"Hivyo hivyo."

Akaipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe, akaifunga ndani ya leso isilowe.

"Na sisi wengine?" Okeyo akauliza. "Jioni tutasikiza nini?"

Lavender akatema povu. "Mimi nitawasomea."

"Wewe hujui kusoma."

"Najua picha."

Okeyo alifikiri, akaona kwamba kwa hali ilivyo hana kitu bora, akakubali.

Jioni hiyo Lavender alikaa kwenye kigoda, uso kwa mabati, na kitabu kipya kuhusu siku ya mvua. Nyamai naye alifungua riwaya mpya, nene kuliko iliyotangulia. Inahusu nini, ploti haijui hadi leo.

"Kuna mama anaruka matope," Lavender akasoma kwa nguvu. "Ana kiatu kimoja. Kile kingine kimeenda na maji, na hajajua."

"Atajua saa ngapi?" mabati yakauliza.

Kabla hajajibu, upande wa kulia alisikika mtu akivuta kamasi, kisha kwikwi ndefu, ya sauti ya kwanza ya kwaya.

"Mama Joan! Ni nini huko?" Okeyo akaita. "Ni kile kitabu? Amekufa? Amekufa aje?"

"Niache, Okeyo."

"Niambie tu kidogo."

"Nimesema uniache!"

Nyamai alijua ni ukurasa gani. Alifungua wake uliofuata.

Okeyo, akiwa amefungiwa na Mama Joan kulia na Nyamai katikati, akarudi kwa mtu wa mwisho aliyebaki. "Haya, Lavender, nipe huyo mama wa kiatu. Amefika wapi?"

Lavender alikuwa amefungua ukurasa mpya na kuinamisha kichwa juu yake.

"Ngoja," akasema. "Naangalia mwenyewe kwanza."