Tairi Nne za Mwanaasha

Mwanaasha anauza matairi huko Goba, na hana simile na mtu. Mdogo wake, Twalib, alifika na gari lake lenye injini ya kuogopwa. Mvua ilikuwa imenyesha, naye alikuwa anawahi harusi huko mlimani. Alitaka tairi mbili za tope, za nyuma tu. Mbele zibaki zile za lami.

"Nyuma itashika, mbele itateleza. Kwenye mteremko utakata kona vipi?"

"Dada, niuzie tu."

"Nne, au hakuna."

Twalib akabisha weee, mwisho akageuka kuchukua ufunguo aliouweka mezani. Haukuwepo.

Akaenda harusini kwa bodaboda, kanzu yake ya pasi imejaa tope, na ufunguo umefundikwa kwenye pindo la kanga ya dada yake.