Kiangazi Kilicholowesha Matofali ya Mama Nyota

Nakumbuka asubuhi moja, mwisho wa mwezi wa tatu, niliporudi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nilimokulia hapa Malawi, nimekaa nyuma ya kabaza, baiskeli ya abiria, tai shingoni na diploma mkononi ndani ya plastiki ngumu ili kila mtu aione. Sikuificha, mwanangu, na leo pia siifichi. Hakuna mjomba aliyenilipia karo. Miaka minne nilishona sare za wanafunzi kule Nsungwi, Lilongwe, nikasoma kila cherehani ilipopumzika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukazoea.

Mtu wa kwanza niliyemtafuta ni Mama Nyota, mjane wa kutoka Fizi, Kongo, aliyenigawia nsima, ugali wa hapa, utotoni nilipokuwa sina wa kunipikia. Mvua za mwezi wa kwanza zilikuwa zimeangusha nyumba yake. Alilala na wajukuu wawili katika chumba cha kanisa, na kanisa lilikihitaji chumba hicho baada ya Pasaka. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amefyatua matofali mia saba, akayapanga uwanjani na kuyafunika kwa turubai la kuazima. Hapo ndipo shida ilipokuwa: tofali bichi lililofunikwa halikauki, na lisilofunikwa linangoja rehema ya mawingu.

"Mwalimu," akaniambia (siku ileile alinipa cheo hicho, nami sikukikataa), "we unasoma kizungu. Mvua inasema nini?"

Nilikuwa na gazeti la Kiingereza kutoka mjini. Nikasimama wima, nikasoma utabiri wa kanda nzima ya kusini mwa Afrika kwa sauti ili majirani wasikie, kisha nikatafsiri kama nilivyofundishwa darasani, kwamba neno "summer", sama kwa matamshi yetu, ni kiangazi. "Mwisho wa kiangazi kutakuwa na manyunyu na hewa ya baridi."

"Mwisho ya kiangazi?" akashangaa. "Kiangazi hata haiyaanza!"

"Basi furahi, Mama. Una jua mpaka mwezi wa tisa."

Akatazama upande wa vilima. "Na ile mawingu nyeusi?"

"Mawingu hayana diploma, Mama. Toa turubai."

Majirani walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Dalili ya mvua ni mawingu, hata mtoto anajua, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupanda juu ya watoto. Mama Nyota akanitazama kidogo, akakunja turubai.

Kesho yake mchana upepo wa baridi ukatoka kusini. Haikuwa mvua ya radi, mwanangu. Yalikuwa manyunyu tu, yaleyale ya gazeti, na hayakukoma mpaka siku ya tatu. Wakati huo Mama Nyota alikuwa ameshamrudishia mwenyewe turubai. Tulikimbia na magunia na majani, tukaokoa safu mbili. Mengine yalilegea pembe, yakainama, yakarudi udongo.

Nilidhani atanitukana. Alichuchumaa, akashika tope mkononi, akasema taratibu kwa Kiswahili cha kwao, kile cha "njo" badala ya "ndiyo":

"Gazeti haikudanganya. We njo ulidanganya, na haukujua kama unadanganya. Kiangazi ya Fizi njo wakati ya vumbi. Hiyo sama ya bazungu, hapa Malawi, njo hii joto na mvua tuko ndani yake, na sasa inaisha. Neno ulibeba, mutoto yangu, lakini wakati yake uliiacha Lilongwe."

Katika masomo yangu yote hakuna mwalimu aliyenisahihisha kwa maneno machache kama yale.

Akaniangalia shingoni. "Sasa vua ile kamba. Udongo iko laini, tusiipoteze."

Nikavua tai. Nilikanyaga tope wiki nzima, nikafyatua matofali mengine, na majirani waliocheka wakapita wakiniuliza kama kalibu ya kufyatulia nayo ina diploma. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilibahatika, mama huyu alinifunza kabla ulimwengu haujafika. Pasaka ilipopita nikampa Mama Nyota chumba nilichopata pale kambini, nikalala barazani karibu na cherehani niliyoileta kutoka mjini. Kabla baridi ya mwezi wa sita haijauma, alikuwa ndani ya nyumba yake. Nyumba hiyo imesimama hadi leo. Ukuta uliopinda kidogo ni wangu, na najivunia huo pia.

Nakuandikia haya kwa sababu wiki hii utabiri wa kanda umekuja tena: majira ya joto yanaisha, manyunyu hapa na pale, hewa ya baridi inaingia. Nawaona vijana mmeweka matofali nje, na simu zenu zinawatafsiria kila kitu haraka kuliko nilivyotafsiri mimi. Simu nayo husema kiangazi. Usiifuate mbio.

Soma, mwanangu, tena soma sana, upate diploma kubwa kuliko yangu ukiweza. Lakini neno likitoka lugha moja kwenda nyingine, usimkabidhi mtu kabla hujauliza: huku linakokwenda, linaangukia mwezi gani? Kisha inua macho, utazame vilima. Na mzee akikuuliza juu ya wingu analoliona, ujue amekwisha kukujibu. Turubai halirudishwi kwa mwenyewe mpaka tofali limelia kavu ukiligonga.

Mungu akupe kichwa cha kusoma na masikio ya kusahihishwa. Jua likukaushie kazi ya mikono yako, na manyunyu haya yakifika, yakukute ndani, chini ya paa lako, ukiyasikiliza tu.