Bega la Pikapu

Fundi Kasmiri Maige ametengeneza springi za magari hapa Somanda, mjini Bariadi, kwa miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo alifundisha maksai kuvuta plau huko Mwamapalala, na hadi leo hulikagua gari kama anayekagua ng'ombe. Huchuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, humwagiza dereva aondoke, na hanyanyuki mpaka vumbi litulie. Nilipofika kwake na cheti changu cha ufundi, alinipa miezi mitatu ya majaribio. Katika wiki ya mwisho ya miezi hiyo nilifanya kosa ambalo lingetosha kunirudisha nyumbani Mwamanyili.

Luhaga, mnunuzi wa pamba, alileta pikapu yake. Jumamosi ingeshindana mbio za mita mia mbili, kutoka kusimama, kwenye uwanja wa moramu nje ya mji. Kila alipoachia klachi kwa nguvu, nyuma ya gari ilirukaruka na matairi yakapoteza mshiko. Fundi alikuwa msibani. Nikafanya tunachofanya Bariadi kwa kila pikapu inayolegea nyuma: niliongeza bapa moja la springi kila upande, kana kwamba gari linakwenda kubeba pamba.

Alhamisi asubuhi Luhaga alirudi. Gari lilikuwa likiruka zaidi.

"Nani amenifungia springi za lori?" aliuliza. "Nakwenda mashindanoni au kiwandani?"

Kabla sijafungua mdomo, Fundi, aliyekuwa amerudi kutoka msibani, alijibu. "Zimefungwa hapa kwangu, bhabha. Kosa ni la hapa. Kaa, unywe chai."

"Chai haishindi mbio."

"Hata hasira. Kaa."

Alipomaliza chai, Luhaga aliombwa aliondoe gari kwa nguvu, kama mashindanoni. Fundi alikuwa amechora mstari wa chaki ubavuni mwa springi.

"Mayu, chuchumaa hapa," aliniambia, kwa neno letu la heshima kwa mwanamke. "Tairi liache. Tazama chaki."

Gari lilipochomoka, nusu ya springi iliyo mbele ya ekseli ilijikunja, kisha ikajirudisha kwa kishindo. Huko ndiko kuruka kulikoanzia.

"Maksai anaanza kuvuta kwa kiungo gani?" Fundi aliuliza.

"Kwa bega."

"Bega la gari ndilo hilo, nusu ya mbele. Likaze. Ya nyuma iache ipumue."

Alinipa spana, akaweka mikono mfukoni. Nilitoa mabapa niliyoongeza. Nusu ya mbele niliibana kwa klipu mbili zaidi. Klipu za nyuma nikazilegeza ili mabapa yateleze. Ijumaa tulijaribu. Gari liliketi mara moja tu nyuma, likaondoka. Fundi alinyanyuka kabla vumbi halijatulia.

Jumamosi Luhaga alikuwa wa pili kati ya magari tisa, na gari lake halikuruka hata mara moja. Mpaka leo hajui ni nani aliyefunga yale mabapa. Kwa hilo ninamshukuru Fundi kuliko kwa kazi yenyewe.

Jumatatu Luhaga alileta pikapu ya kaka yake.

"Itakuwa tayari lini?" alimuuliza Fundi.

"Muulize fundi," alisema mzee, akinionyesha kwa kidevu.

Nilichukua chaki, nikachuchumaa kando ya gurudumu, nikamwomba Luhaga aondoke.