Mabibo ya Kuchemsha

"Umebeba nini, mama?" askari wa lango la hospitali alimuuliza mwanamke aliyekuwa mbele yangu.

"Mabibo ya kuchemsha."

Foleni nzima ikamgeukia. Huku Mtwara anayechemsha mabibo, yale matunda ya mkorosho, anapika gongo, na pombe hiyo haramu ni jela.

"Ni chakula cha mgonjwa," mama akasema, akifunua bakuli. "Baba mkwe hali kitu. Bibi afya kaniambia nimtokosee matunda kwa sukari kidogo, ni mepesi tumboni na yanarudisha nguvu."

"Basi onja."

"Nimefunga, baba."

Askari naye alikuwa amefunga. Macho yake yakapita kwenye kofia na mabuibui mpaka yakanifikia mimi, mtu wa bara niliyeletwa kufundisha. "Mwalimu, wewe hufungi. Kula."

Nikala. Yalikuwa laini, matamu, hayabani ulimi kama mabichi. Askari akaniinamia mdomoni. "Pumua!" Nikapumua.

"Pita, mama."

Waliokuwa mbali waliona tu mwalimu akila mabibo ya kuchemsha mchana wa Ramadhani, kisha akinuswa na askari. Nasikia mgonjwa amepata nafuu. Jina langu, huku mtaani Rahaleo, bado linanuka gongo.