Unasema Huna Uzoefu?

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na wala haikuwa siku ya sherehe. Nilikuwa nimetoka Kinondoni kuomba kazi ya kutengeneza tovuti. Nimekataliwa. Nikapitia Temeke kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi, mpambaji wa maharusi. Nilimkuta kainama anamchora bibi harusi hina mguuni. Nikaamkia, nikakaa kwenye kigoda nikasubiri, maana mtu anayechora hina hakatizwi.

Ila kabla ya kukwambia alichoniambia, nikueleze nilifikaje huko. Wewe umekuja kuniuliza kama uache ualimu uingie kwenye kazi yangu hii, na hujapita chuo chochote cha kompyuta. Hata mie sikupita.

Nilikuwaga kibarua kwenye yadi ya makontena kule Kurasini. Nilianza kijana mbichi, na kwa kuwa nilijua kusoma vizuri, mara nyingi nilipangwa getini kuwaelekeza madereva wa malori: huyu aende safu ile, yule arudi kwa wakala wake akachukue karatasi iliyopungua. Asubuhi moja tukiwa tunafunga mzigo, mnyororo uliteleza ukaondoka na vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto. Nilipopona, nafasi yangu ilikuwa na mtu mwingine. Nyumbani nina mke na mtoto mchanga. Jirani yetu mmoja aliyekuwa na intaneti kafe akanionea huruma, akaniweka nimwangalizie.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Mteja mmoja, mwanafunzi, alinionyesha kwamba kila ukurasa wa tovuti una maandishi nyuma yake, na kwamba unaweza kuyafungua ukayasoma. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Basi nikawa nafungua maandishi ya kurasa za watu, nabadilisha neno hapa na pale, natazama kilichotokea. Nikaendelea hivyo mpaka nikaweza kutengeneza tovuti nzima ya hoteli. Hoteli yenyewe haikuwepo; niliibuni tu, pamoja na bwawa lake la kuogelea.

Hiyo hoteli ndiyo niliyoipeleka Kinondoni. Yule bwana aliyenihoji hakunidharau. Aliitazama, akauliza ni nani anayeitumia. Nikasema hakuna. Akauliza nina uzoefu gani. Nikasema sina. Akanishukuru kwa kufika.

Haya, turudi kwa shangazi. Alipomaliza unyayo mmoja nikamsimulia yote, na mwisho nikasema kwamba watu kama sie tusio na uzoefu tusijisumbue. Hakuinua kichwa.

"Umekaa Kurasini tangu ndevu hazijaota," akasema, "leo unaniambia huna uzoefu. Kule ulikuwa unasinzia?"

"Kule nilikuwa kibarua, shangazi. Hawa wanataka mtu wa kompyuta."

"Na hiyo kompyuta inamhudumia nani? Majini? Si watu? Kamtafute mtu mwenye shida unayoijua, umtengenezee yeye. Hoteli ya kubuni atalala nani?"

Bibi harusi akacheka mpaka shangazi akamshika mguu asiharibu hina. Mie sikucheka. Niliondoka nimenuna, na njiani nikawa najibizana naye kichwani. Lakini neno la mkubwa likishaingia halitoki kwa kununa.

Shida niliyoijua ilikuwa moja. Madereva wanatoka Tunduma na hata ng'ambo ya mpaka, wanafika kwenye yadi, wanaambiwa hii siyo, au karatasi haijatimia, na lori linakaa barabarani. Nikaandika tovuti ya kurasa chache kwa Kiswahili cha kawaida: yadi ipi iko wapi, geti lipi la kuingilia, karatasi zipi uwe nazo mkononi kabla hujaondoka kwa wakala. Nilizunguka kwa miguu nikiwauliza wenzangu wa zamani. Wengine walinitania kwamba nimekosa la kufanya. Kessy, niliyekuwa nimefanya naye kazi getini, alinisahihishia kila ukurasa.

Habari ikaenea kwa madereva, kwa kuwa wengi walikuwa tayari na simu zinazofungua intaneti. Halafu akaja kafe dereva mmoja, Mwakyusa, mtu mzima, kaniuliza kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko makelele: "Ni wewe uliyeandika kwamba wanaingilia upande wa reli?" Yadi ilikuwa imehamisha geti, mie sina habari, naye akapoteza foleni yake kwa kunisadiki mie. Ningeweza kumwambia kosa si langu. Nilimvutia kiti, nikarekebisha akiwa anaona, nikamwomba radhi. Akasoma tena, akasema sawa. Tangu hapo geti lolote likibadilika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia simu. Na mie nikaelewa kwamba tovuti ni kama shamba. Usipolitembelea linaota magugu.

Kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini ikaniita niwatengenezee mfumo ambao mwenye mzigo ataona kontena lake limefika wapi. Nikawaambia kweli: kurasa naziweza, huo mfumo bado siujui. Wakanichukua hivyo hivyo, niwe chini ya fundi wao, binti aitwaye Neema, mkaazi wa Tegeta, aliyeisomea kazi hiyo chuo kikuu. Alikuwa mdogo kwangu mbali. Ofisini walinong'ona kwamba mwanamume mzima anasahihishwa kama mtoto wa shule, na sitakudanganya, iliniuma. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi yangu akiikuta mbovu aliifuta, akanieleza kwa nini, nikaanza upya. Siku moja, bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta yake, alisema: "Kaka, mie sijui getini kunatokea nini. Usiondoke hapa." Mfumo ule tuliumaliza pamoja, na ndiyo kazi iliyonilea mpaka mvi hizi.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mie naongeza: ukiamua kuuacha huo mkeka wako mkuukuu, ukunje uende nao. Umefundisha hisabati miaka mingi. Unajua mtoto anakwama wapi na mzazi anataka kujua nini. Anzia hapo. Mtengenezee mtu mmoja kitu kimoja anachokihitaji, kabla hujaenda kuomba kazi popote. Usiache mshahara mpaka watu wawe wanaitumia kazi yako na kuilalamikia, maana anayelalamika anaitumia. Usilolijua, sema hulijui. Na akikufundisha aliye mdogo kwako, mpe heshima ya mwalimu. Wewe mwenyewe ni mwalimu, unajua inavyouma kunyimwa.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kuona shida za watu, na mikono ya kuzipunguza. Akukutanishe na wa kukusahihisha bila kukuvunja. Na riziki yako, ikichelewa, isikukute umekata tamaa. Amina.