Aliyefunga Breki

Baba yetu alibeba viazi kutoka Kuresoi miaka mingi kwa lori lake mwenyewe, na alikuwa na sheria moja: fundi aliyefunga breki ndiye anayeshuka nazo mteremko wa kwanza. Fundi akimaliza kazi, mzee anampa ufunguo, kisha yeye mwenyewe anakaa upande wa abiria, kofia magotini, wanashuka pamoja na magunia yote nyuma. Fundi akikataa, haligusi lori hilo tena. Nililelewa na sheria hiyo, na ndiyo iliyonitia hamu ya kuwa fundi. Kwa hivyo kwa haya nitakayosimulia sina kisingizio.

Mimi ndiye kifungua mimba. Nina gereji Kiamunyi, mabati machache na shimo la kuingia chini ya gari, na nilishika spana kabla ndugu yangu mdogo hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini macho ya mzee yalipoanza kufifia, ufunguo wa gari lake dogo, lile alilonunua baada ya kuuza lori, ulienda kwa nani? Kwa yule yule. Mzee hakutoa hotuba. Aliusukuma tu mezani upande wa kijana wake, mimi nimesimama pale na birika la chai mkononi, halafu akanigeukia na kusema niwe naliangalia. Basi nimekuwa nikiliangalia.

Mwaka jana ndugu yangu akajiandikisha kwenye siku ya kukimbiza magari, kule kwa shamba moja mbele ya Rongai ambapo kuna kiwanja cha zamani cha ndege ndogo. Si mashindano. Wanapanga matairi makuukuu yawe kona, na kila mtu anazunguka kwa zamu yake, akijua mwenyewe amekimbia vipi. Mzee alisema ataenda kutazama. Huyu ni mzee ambaye siku nilipofungua gereji alisema mgongo unamuuma.

Niliomba zamu moja. Niliomba vizuri, tukiwa wote mezani. Ndugu yangu akacheka, si kwa ubaya, akasema mimi ni daktari wa gari na daktari hapandi kitanda cha mgonjwa. Mzee naye akacheka mpaka akakohoa. Nikacheka nao, roho ikiniuma.

Siku moja kabla ya safari nikaliandaa gari. Nilimwaga oili ya injini nikatia mpya, nikapima mara mbili, kwa sababu kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja. Nikabadilisha maji ya rejeta. Nikaangalia mafuta ya gia na ya usukani, nikatoa kila kitu kinachoweza kuruka ndani ya gari: jeki, tairi la akiba, mwavuli wa mama, hata jiwe la mzee. Mzee hapaki bila jiwe nyuma ya tairi, hata kwenye tambarare. Nililiweka kwenye kisanduku changu cha vifaa. Breki pedi zilikuwa nene, diski hazina ufa. Yalibaki mafuta ya breki.

Chupa mpya nilikuwa nayo. Niliinunua wiki ile nikiwa bado natumaini watanipa zamu, na ilikuwa ndani ya kisanduku, chini kabisa, haijafunguliwa. Nikiwa nainama kuichukua, mzee akaingia gereji na chupa ya mafuta hayo iliyobaki nusu, ya enzi za lori, kifuniko kimelegea. Mzee wetu hatupi kitu. Akasema hii bado nzuri, rangi haijabadilika, kwa nini niharibu nyingine.

Nilijua. Wacha niseme wazi kwamba nilijua. Mafuta ya breki yakikaa wazi hunywa unyevu wa hewa. Ukienda nayo sokoni na kurudi, hutahisi kitu. Lakini breki zikipata moto wa kweli, ule unyevu unachemka, pedali inazama, na unabaki unakanyaga hewa. Ningeweza kumwambia mzee kwa sentensi moja. Nikafikiria kile kicheko cha mezani, nikasema, "Lete, mzee."

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mzee alikaa ndani akikanyaga na kutaja kila hatua, mimi nimelala chini na spana. Pampu. Shikilia. Achia. Tulizunguka gurudumu moja baada ya jingine hivyo, na sauti yake ilikuwa na furaha, kwa sababu alidhani tunamwandalia kijana wake siku njema. Mimi nilikuwa najiambia kwamba hakuna atakayeumia. Pedali italegea kidogo, atarudi polepole, atakuwa na haya mbele ya marafiki zake, basi. Wivu una hesabu zake, na zote hutoka sawa.

Asubuhi ndugu yangu aliuliza kitu kimoja tu. "Iko sawa, sista?"

Nikamwambia iko sawa.

Mizunguko miwili ya kwanza alikimbia vizuri, na nilichukia jinsi alivyokuwa akikimbia vizuri. Mzee alisimama kwenye ua wa waya, kofia mkononi, akitabasamu peke yake. Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya mwisho, gari halikupunguza mwendo. Nililiona likipita matairi, likaingia kwenye nyasi, likaenda, likaenda, mtaro wa shamba uko mbele, halafu likasimama.

Alirudi nalo polepole kwa gia ya kwanza. Alishuka akicheka. Pedali ilizama yote, alisema, akapampu kama mwendawazimu mpaka ikashika. Marafiki zake wakaanza kuuliza ni fundi gani huyo. Mzee akawakata. Akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyetoa mafuta ya zamani, fundi alitii tu. Alisema hivyo mbele ya vijana wa kuwa wajukuu wake, na mimi nilisimama kando yake nikamwacha abebe kosa langu.

Tukangoja magurudumu yapoe. Mzee mwenyewe akafungua kisanduku changu kutafuta spana, akaona chupa. Aliitoa, akaizungusha mkononi, akapapasa kifuniko kwa kidole gumba.

"Hii unayo tangu lini?"

"Tangu wiki hii, mzee."

Akanipa chupa, akaingia ndani, akaweka mguu kwenye pedali. Pampu. Shikilia. Achia. Safari hii ni mimi niliyekuwa nasema. Mafuta ya zamani yalitoka na mapovu, halafu yakaja mapya, safi, mpaka gurudumu la mwisho.

Nilipoinuka, mzee alikuwa amehamia upande wa abiria, kofia magotini. Akaninyooshea ufunguo. Ndugu yangu akauliza kulikoni, mzee akamjibu, "Si unajua sheria?"

Nilizunguka mara nne. Nilikuwa nimeota kitu hicho miaka: kiwanja, mwendo, baba yangu kando yangu. Nilikanyaga breki nikiwa nimechelewa kila kona, kwa makusudi, na kila mara zilishika. Mzee hakujishikilia popote. Nilipopunguza mwendo kurudi, aliongea akiangalia mbele.

"Unamshinda kuendesha. Nilijua tangu zamani. Sasa mrudishie gari."

Akavaa kofia, akashuka.

Breki zikiwa moto huvuti handibreki, hivyo ndugu yangu alikuja mbio na lile jiwe, akapiga magoti kwenye vumbi, akaliweka nyuma ya tairi langu. Mzee alipita kando yake, na mpaka leo hajamwambia habari ya ile chupa mpya. Ndugu yangu akainua kichwa, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Iko sawa, sista?"

Nikamwambia iko sawa. Akachukua ufunguo, akaingia, bila kuuliza mara ya pili.